BARUA ZA WAASISI: AHADI NA TOFAUTI KATIKA MAANDISHI

Hotuba ya wakili mmoja kwa kongamano la elimu ya uraia, Kegonga, Kuria Mashariki



 Nimetakiwa nizungumze juu ya waasisi wa mataifa na wajibu wa raia. Jambo hilo ni pana na siku ni moja, kwa hiyo nimechagua mlango mmoja tu wa kuingilia. Nitazungumza juu ya barua walizoandikiana watu walioshika serikali ilipokuwa ingali changa, huko Marekani na hapa kwetu Kenya.

Huenda mtu akauliza: sisi tuna shida za barabara, za karo na za mipaka ya mashamba, barua za marehemu zitatufaa nini? Namjibu kwa methali ya wahenga: mali bila daftari hupotea bila habari. Mkulima wa tumbaku wa hapa Kuria anajua kwa nini huitunza ile karatasi aliyopewa mzigo wake ulipopimwa. Asipokuwa nayo, ubishi wa bei ni neno lake dhidi ya neno la mwenye mizani, na mwenye mizani hashindwi. Uhuru nao ni mali. Ahadi isiyoandikwa hufa pamoja na aliyeitoa, au huikana yeye mwenyewe angali hai. Ugomvi usioandikwa hugeuka uvumi, na uvumi hugeuka chuki.

Ninyi wenyeji wa Bukuria mna desturi ya iritongo, ambapo jambo la watu wote husemwa mbele ya watu wote. Lakini taifa la mamilioni haliwezi kuketi chini ya mti mmoja. Maandishi ndiyo iritongo ya taifa. Na ninyi Wakristo mna mfano ulio mkubwa zaidi. Paulo alipotofautiana na Petro kule Antiokia, alimpinga ana kwa ana, kisha akayaeleza hayo katika waraka kwa Wagalatia, sura ya pili. Kanisa lingeweza kuuficha waraka ule kwa kuwa unaonyesha mitume wawili wakigombana. Badala yake limeusoma karibu miaka elfu mbili, na halikubomoka kwa sababu hiyo.

Waasisi wa Marekani

Katiba ya Marekani iliandikwa mwaka 1787. Thomas Jefferson wakati huo alikuwa balozi mjini Paris, na rafiki yake James Madison alikuwa miongoni mwa waandishi wa katiba hiyo. Mnamo Desemba 20, 1787, Jefferson alimwandikia Madison akisifu mengi, lakini akalalamika kwamba katiba ile haikuwa na orodha ya haki za raia. Madison alijibu mnamo Oktoba 1788. Hakuipinga orodha hiyo, ila alitia shaka: alikuwa ameona katika majimbo yao jinsi wengi wenye nguvu walivyozikanyaga haki zilizoandikwa, kana kwamba karatasi ni ua wa nyasi usiozuia ng'ombe. Jefferson akajibu mnamo Machi 1789 kwamba haki zikiandikwa, mahakimu hupata chombo cha kuizuia serikali. Na hata kama kinga hiyo haikamiliki, kupata nusu ni bora kuliko kukosa kabisa. Juni 8 mwaka huohuo Madison alisimama Bungeni akapendekeza marekebisho ya haki za raia, na yakawa sheria Desemba 15, 1791.

Tazameni jinsi mambo yalivyokwenda. Mtu alishawishiwa na rafiki yake kwa hoja, na sisi tunaweza kuzifuata hoja hizo hatua kwa hatua.

Mwaka 1792 Rais George Washington aliona mawaziri wake wawili, Jefferson na Alexander Hamilton, wakipigana vita magazetini. Aliwaandikia kila mmoja mwezi Agosti, akiwasihi wavumiliane kwa ajili ya taifa. Wote wawili walijibu siku moja, Septemba 9, kila mmoja akimlaumu mwenzake na kueleza sababu zake. Jefferson alijiuzulu mwishoni mwa mwaka 1793. Hakuwekwa kizuizini. Mwaka 1801 akawa Rais.

Nisieleweke vibaya, ndugu zangu. Watu hao si watakatifu wa kuwekwa madhabahuni. Mwaka 1798 nchi yao ilitunga sheria ya kuwafunga walioandika dhidi ya serikali, na mbunge Matthew Lyon akafungwa kwa sheria hiyo. Wapiga kura wake wakamchagua tena akiwa gerezani. Lililo baya zaidi, Jefferson, ambaye kalamu yake ilitangaza kwamba watu wote ni sawa, alimiliki watumwa weusi hadi kufa kwake. Mnamo Agosti 19, 1791, Benjamin Banneker, mtu mweusi aliyekuwa huru na mjuzi wa elimu ya nyota, alimwandikia Jefferson akimkumbusha maneno yake mwenyewe na kumwuliza yanapatanaje na utumwa. Jefferson alijibu kwa adabu Agosti 30, wala hakuwaacha watumwa wake huru, isipokuwa wachache tu. Lakini barua ya Banneker ipo. Imebaki kuwa shahidi dhidi ya mtu mkubwa, na shahidi huyo hazeeki.

Barua za Oktoba 1963

Sasa turudi nyumbani. Kenya nayo ilizaliwa ikiwa na katiba ya majimbo. Tulikuwa na majimbo saba, pamoja na eneo la Nairobi. Tulikuwa na Seneti na Baraza la Wawakilishi. Na sisi pia tulikuwa na waasisi walioandikiana barua.

Ya kwanza ninayotaka tuitazame inahusu Pwani. Ukanda wa maili kumi wa Mwambao ulikuwa kwa jina chini ya Sultani wa Zanzibar, ukitawaliwa na Waingereza tangu mkataba wa 1895. Uhuru ulipokaribia, Waislamu wengi wa Pwani waliogopa kumezwa na bara. Mnamo Oktoba 5, 1963, Waziri Mkuu Jomo Kenyatta na Waziri Mkuu wa Zanzibar, Mohammed Shamte, walibadilishana barua. Serikali ya Kenya iliahidi kwamba uhuru wa dini utalindwa, kwamba mamlaka ya Makadhi yatadumishwa, kwamba watoto wa Kiislamu watafundishwa Kiarabu, na kwamba hati za kumiliki ardhi zitatambuliwa. Siku tatu baadaye ulitiwa sahihi mkataba wa kuuunganisha Mwambao na Kenya.

Miezi mitatu na siku chache tu ilikuwa imepita tangu mapatano hayo pale serikali ya Shamte ilipopinduliwa, Januari 12, 1964. Aliyeahidiwa hakuwa na kiti tena, wala Sultani hakuwa na nchi. Kama ahadi ile ingalikuwa ya mdomo, nani angaliidai? Lakini iliandikwa, ikaingizwa katika katiba ya uhuru, ikabaki katika kifungu cha 66 cha katiba iliyofuata, na leo imo katika Ibara ya 170 ya Katiba ya 2010. Mahakama hizo zinahusu ndoa, talaka, urithi na hali ya mtu, na ni pale tu ambapo pande zote ni Waislamu na zimekubali kuhukumiwa huko.

Najua kwamba neno hili halitawafurahisha wote waliomo humu. Kabla ya kura ya maoni ya Agosti 4, 2010, viongozi wengi wa makanisa waliwaomba waumini waikatae katiba, na Mahakama za Kadhi zilikuwa sababu mojawapo kuu. Mkristo ana haki ya kuuliza kama dola inapaswa kuwa na mahakama ya dini. Ni swali la heshima. Lakini katika mikutano mingi niliyoihudhuria siku zile, sikusikia barua za 1963 zikitajwa hata mara moja. Ilisemwa kana kwamba Waislamu wamepewa zawadi juzi. Ukweli ni kwamba walikuwa wakidai deni, na ahadi ni deni.

Nawaomba mlifikirie hilo ninyi hasa, watu wa Kuria. Kaunti ya Migori ina maeneo bunge manane, na mawili tu ndiyo ya Kuria. Kila uchaguzi ukikaribia tunasikia juu ya mapatano: jamii hii itashika kiti hiki, ile itapata naibu, barabara fulani itajengwa. Nauliza: iko wapi barua? Nani aliitia sahihi, na nakala yake inatunzwa na nani? Ikiwa ahadi iliyoandikwa kwa Waislamu wachache inaweza kufutwa kwa kuwa wengine ni wengi, basi ahadi ya mdomo kwa Wakuria wachache itadumu siku ngapi?

Mzee na Kaggia

Barua za pili ni za ugomvi. Bildad Kaggia alishtakiwa Kapenguria pamoja na Mzee Kenyatta akafungwa pamoja naye. Baada ya uhuru alikuwa mbunge wa Kandara na waziri msaidizi wa elimu. Aliona kwamba waliopigania ardhi msituni walikuwa wakitakiwa kuinunua kwa mkopo, na maskwota wakifukuzwa, akayasema hayo hadharani.

Mnamo Mei 1964 Kenyatta alimwandikia. Hoja yake ilikuwa kwamba mtu aliyemo serikalini hawezi kuipinga sera ya serikali nje. Asipoweza kuikubali, na ajiuzulu. Kaggia alijiuzulu mwezi Juni. Katika barua yake alieleza kwamba hakuweza kuwasahau waliomchagua kwa ahadi zilizo wazi, wala kuwasahau wapigania uhuru waliotoa kila kitu, pamoja na maisha yao.

Mimi kama mwanasheria nasema kwamba Mzee alikuwa na haki ya kuandika barua ile. Uwajibikaji wa pamoja ni kanuni halali ya serikali ya mawaziri. Na Kaggia alikuwa na haki ya kujibu kama alivyojibu. Kila mmoja alisimama mahali pake, akaeleza sababu zake, akatia tarehe na sahihi. Kaggia alichapisha kumbukumbu zake mwaka 1975 katika kitabu kiitwacho Roots of Freedom, na leo kijana wa Kegonga aliyezaliwa miaka mingi baadaye anaweza kuuliza: juu ya ardhi, ni nani aliyeona mbali zaidi?

Ubaya ulianza hoja zilipoachwa. Mwaka 1965, katika mkutano wa hadhara huko Kandara, Mzee alimwuliza Kaggia amejifanyia nini, akimlinganisha na wenzake wa Kapenguria waliokwisha kupata mali. Hebu lipimeni badiliko hilo. Mwaka mmoja nyuma swali lilikuwa: sera iliyo sawa ni ipi? Sasa likawa: wewe umechuma kiasi gani? Swali hilo la pili lingali linaulizwa katika mikutano yetu hata leo, na limewaharibu viongozi wengi kuliko rushwa yenyewe, kwa maana ndilo linaloizaa rushwa.

Barua ya Jaramogi na jibu la serikali

Mnamo Machi 1966 mkutano wa KANU wa Limuru ulikifuta cheo cha makamu wa rais wa chama, ukaweka makamu wanane wa mikoa, na hivyo kumwondoa Jaramogi Oginga Odinga. Aprili 14 Odinga alijiuzulu umakamu wa Rais wa nchi. Katika taarifa yake alisema kwamba dhamiri yake ilimsuta kula mshahara wa umma bila kazi ya kufanya, na kwamba serikali iliongozwa na nguvu zisizoonekana zenye kutumikia maslahi ya nje. Yalikuwa mashtaka mazito, na serikali ilistahili kuyajibu moja baada ya jingine.

Jibu lilikuja kwa njia nyingine. Kabla ya mwezi kwisha Bunge lilirekebisha katiba ili wabunge waliohamia chama kipya cha KPU wapoteze viti vyao na kurudi kwa wapiga kura. Uchaguzi Mdogo ulifanyika Juni 1966 kwa viti 29, na KPU ikapata 9. Mwezi huohuo Bunge liliipa serikali uwezo wa kuwaweka watu kizuizini bila kesi. Kaggia alifungwa mwaka 1968 kwa ajili ya mkutano usio na leseni. Oktoba 1969, baada ya damu kumwagika Kisumu, KPU ilipigwa marufuku na Odinga akawekwa kizuizini hadi 1971.

Hivyo, ndugu zangu, ndivyo barua zilivyokoma. Waziri aliyejua kwamba kujiuzulu kwa maandishi ni mlango wa kizuizini hakuandika tena. Tofauti hazikwisha, ziliingia vyumbani, zikawa minong'ono. Mwaka 1982 kifungu cha 2A kilifanya nchi kuwa ya chama kimoja kwa sheria. Mpaka kifungu hicho kilipofutwa Desemba 1991, waliothubutu kuandika na kusema hadharani walikuwa wachache, na wengi wao walikuwa watu wa madhabahu: Okullu, Muge, Gitari, Njoya. Kanisa lilikumbuka kwamba lilianza kwa nyaraka.

Karatasi haijilindi yenyewe

Hapa lazima nijibu pingamizi moja, kwa sababu ni la haki. Mtu atasema: majimbo nayo yaliandikwa. Katiba ya 1963 ilijaa vifungu juu ya majimbo, na yalikufa.

Ni kweli. Serikali kuu ilichelewesha kuyakabidhi majimbo fedha na madaraka. KADU, chama cha Ronald Ngala kilichoyatetea, kilijivunja Novemba 1964 na viongozi wake wakahamia upande wa serikali. Mwaka 1966 Bunge lilipitisha sheria ya kuunganisha Seneti na Baraza la Wawakilishi, na kufikia mwaka 1968 mabaraza ya majimbo yalikuwa yamefutwa. Shaka ya Madison ilitimia kwetu: ua wa nyasi ulikanyagwa.

Lakini linganisheni mambo hayo mawili. Ahadi ya Makadhi na ahadi ya majimbo zote ziliandikwa mwaka mmoja. Moja ilidumu na nyingine ilikufa. Sababu ziko nyingi, na mojawapo ni kwamba serikali kuu iliyaona majimbo kuwa mpinzani wa madaraka yake, jambo ambalo Makadhi hawakuwa. Lakini sababu nyingine ni hii: Waislamu wa Pwani waliendelea kuisoma ahadi yao na kuidai, kizazi baada ya kizazi. Majimbo yaliachwa na walewale waliokuwa wameyadai. Jefferson alikuwa sahihi, kwa sharti moja: maandishi ni chombo, na chombo huhitaji mkono wa kukishika. Kaunti tulizozipata mwaka 2010 zimo katika hali hiyohiyo. Zimeandikwa vizuri kuliko majimbo, na zinaweza kufa vilevile tusipozisoma.

Wajibu wetu

Nina mambo matatu ya kuwaachia.

La kwanza, acheni kupokea ahadi za jukwaani peke yake. Mgombea akiahidi daraja au zahanati, kamati ya kanisa au ya kijiji iyaandike maneno yake, imsomee, na kumwomba atie sahihi. Sheria huenda isimlazimishe kutimiza, lakini miaka mitano baadaye hataweza kusema kwamba hakusema. Akikataa kutia sahihi, amekwisha kuwajibu.

La pili, iandikieni serikali. Ibara ya 35 ya Katiba inampa kila raia haki ya kupata habari zilizoshikwa na dola. Sheria ya mwaka 2016 inaruhusu ombi hilo liandikwe kwa Kiswahili, na asiyejua kuandika anaweza kulisema kwa mdomo, na afisa anawajibika kuliandika. Ofisi ina siku 21 za kujibu. Basi mkitaka kujua fedha za barabara ya wadi yenu zilikwenda wapi, ulizeni kwa barua yenye tarehe, na mbaki na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa. Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012, kifungu cha 15, inawapa haki ya kupeleka ombi rasmi katika bunge la kaunti. Na Ibara ya 119 inawapa haki hiyohiyo mbele ya Bunge la taifa. Hakuna haja ya kumwona mtu usiku.

La tatu, tofautianeni kwa maandishi, ninyi kwa ninyi. Vyama vya mageuzi vimevunjika mara nyingi katika nchi hii, na mara nyingi hatukuambiwa sababu. Mwenyekiti akitofautiana na katibu, kila mmoja aweke hoja zake katika kumbukumbu za mkutano, kisha wanachama waamue. Kikundi kinachoogopa kuandika ugomvi wake hakitaweza kuitaka serikali iandike wake.

Ndugu zangu, Kenyatta, Shamte, Kaggia na Odinga wote wamekwisha kutangulia mbele ya haki. Hatuwezi kuwaita wajieleze. Tunachoweza ni kuyasoma waliyoyaandika, na kuwapima kwa maneno yao wenyewe. Kesho watoto wa Ntimaru, Nyabasi na Gokeharaka watataka kutupima sisi. Tuwaachie kitu cha kusoma.